Pikapu Iliyogonga Kila Iliposhuka Tuta: Kisa cha Prilodi Iliyopitilizwa

Gari lilikuwa pikapu ya dizeli, kabini mbili. Mbele kila gurudumu linajitegemea, lina mkono wa juu na mkono wa chini, na katikati yake imesimama koilova, yaani shokapu iliyovalishwa springi kwa nje. Nyuma ni ekseli nzima iliyokalia springi za mapande ya chuma. Mwenye gari alikuwa ameongeza bampa la chuma na winchi, kisha akanunua koilova zenye pete ya kurekebisha na kuzifunga mwenyewe nyumbani. Kwenye ufungaji sikumwona kosa. Kosa lilikuja siku ya pili, alipoanza kuzungusha pete.

Pete hiyo imekaa kwenye thredi za mwili wa shokapu, juu ya springi. Ukiizungusha iteremke, inaibana springi hata kabla gari halijaikalia. Mkandamizo huo wa mwanzo ndio tunaouita prilodi. Mwenye gari alizungusha pete ya kushoto mara 18 na ya kulia mara 13 kutoka zilipokuwa siku zilipotoka kwenye boksi. Najua kwa sababu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa banda lake: KUSHOTO 18, KULIA 13. Tabia ya kuandika namna hiyo ilituokolea kazi kubwa baadaye.

Wiki tatu zilipita, akanipigia simu.

"Fundi, nikipita kwenye tuta inapiga kong! kama nyundo. Na gari limekuwa gumu, utadhani limekalia mawe. Nahisi springi nimezikaza mno, zimekuwa ngumu."

Nilimwuliza swali moja. Inagonga gurudumu linapopanda tuta, au linaposhuka upande wa pili? Hakujua. Nikamwomba akajaribu, aende mwendo wa mtu anayetembea, vioo vimeshushwa, redio imezimwa. Robo saa haikuisha, simu ikaita tena: likipanda kimya kabisa, likishuka ndipo linapopiga.

Swali hilo usiliruke hata kama una haraka. Gurudumu likipanda, shokapu inafupika, likishuka, inarefuka. Mlio unaotokea kwenye kufupika unakuelekeza kwenye mpira wa kuzuia (ule unaoipokea shokapu mwisho wa kujibana), springi iliyochoka au mzigo uliozidi. Unaotokea kwenye kurefuka unakuelekeza kwingine kabisa: ama kuna kitu kimelegea, ama shokapu imefika mwisho wake wa kurefuka na inajipiga yenyewe kwa ndani.

Nilipofika nilianza na vilivyolegea, na hapo nilipoteza karibu saa nzima. Linki za stabilaiza, ule mtaimbo unaounganisha mkono wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona, zilikuwa imara. Bushi za mikono zilikuwa nzima. Nati tatu za juu ya koilova zilishika, na bolti ya chini ilishika. Sijutii kuvikagua, maana linki iliyolegea hutoa sauti ileile, na mtu akirukia kwenye pete bila kuikagua anaweza kulipangua gari zima na sauti ikabaki palepale.

Ndipo nikalala chini na tochi.

Mkono wa juu wa upande wa kushoto ulikuwa na alama inayong'aa, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mahali ambapo rangi yote ilikuwa imetoka na chuma kimebaki cheupe. Springi nayo, usawa huohuo, ilikuwa na alama pacha. Vilikuwa vikigusana kila gurudumu liliponing'inia. Mpira wa sivi jointi ya upande huo, yaani kiungo kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu hata likiwa pembeni, ulikuwa umekunjika kwa juu hadi mikunjo yake ikasuguana, na mkunjo mmoja umeanza kuchanika. Ndani ya rimu grisi ilikuwa imerushwa kwa mstari mwembamba wa duara. Nikapitisha kiganja juu ya tairi. Kuelekea upande mmoja kilipita kwa ulaini, kikirudi kikakwaruzwa kama kimepita kwenye meno ya msumeno, na bega la nje lilikuwa limeliwa kuliko la ndani. Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, ilikuwa imeondoka.

Pete yenyewe ya kushoto ilikuwa na makovu ya patasi. Hakuwa na spana yake, ile ya umbo la nusu mwezi yenye jino mwishoni, kwa hiyo aliisukuma kwa patasi na nyundo. Baya zaidi, mizunguko michache ya mwisho aliigonga huku bolti ndogo inayoibana pete isisogee ikiwa bado imekazwa. Kwenye thredi palikuwa na unga mweusi, alumini iliyosagika na kuchanganyika na mafuta. Pete ni alumini na mwili ni chuma laini kilichochongwa kwa umakini; ukizungusha pakiwa na mchanga na bila kulegeza kibano, unachokula ni thredi zako mwenyewe.

Pimamaji alilolilaza juu ya bampa

Kwa nini 18 kushoto na 13 kulia? Aliniambia gari lilikuwa limelalia kushoto. Alilaza pimamaji juu ya bampa, akaona kiputo kimekimbilia upande wa kulia, akaendelea kuongeza pete ya kushoto mpaka kiputo kikasimama katikati.

Maelezo yalikuwa mazuri, ila pimamaji linapima kwa kufuata mvutano wa dunia, na gari lilikuwa limesimama kwenye ua wake. Nikaomba mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanaohamishia usawa. Tukaujaza maji tukahakikisha hauna mapovu, mwisho mmoja ukashikwa kwenye gurudumu la mbele kulia, mwingine kushoto. Sakafu ilikuwa chini kwa milimita 14 upande wa kushoto. Gari lilikuwa limenyooka. Ua ndio ulikuwa umelala, na yeye alikuwa amelipindisha gari ili liendane na kiputo.

Tulilisogeza hadi mahali ambapo mpira wa maji ulituonyesha usawa chini ya magurudumu yote manne, tukahakikisha upepo wa tairi uko sawa, tangi likiwa nusu. Tukapima kutoka katikati ya habu, kitovu cha gurudumu, kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, wima. Napima kutoka habu badala ya ardhini kwa sababu tairi lililoliwa au lenye upepo mdogo hudanganya kipimo cha kutoka chini, lakini kati ya habu na madigadi halina la kusema.

Kushoto 569. Kulia 556. Sasa ndipo gari lilikuwa limelala kweli, milimita 13, na kwa upande wa kulia, kinyume cha alivyodhani.

Nyuma nako kulikuwa na tofauti ya namna hiyohiyo, kushoto juu kulia chini, na mwenye gari akaanza kuhofia springi za nyuma. Kuna jaribio la dakika kumi la kuondoa hofu hiyo. Weka jeki katikati kabisa ya kiungo cha mbele cha fremu, zuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao, inua mpaka tairi za mbele ziachie ardhi tu. Sasa mbele kumeshikwa nukta moja, hakuna springi ya mbele inayoweza kulisukuma gari kulalia upande wowote, na ulalo unaobaki ni wa nyuma peke yake. Usiingie chini ya gari likiwa limesimama hivyo. Pima ukiwa nje na ulishushe. Tofauti ya nyuma ilishuka mpaka milimita 2. Springi za nyuma hazikuwa na hatia, zilikuwa zinafuata fremu iliyosukumwa kutoka mbele.

Hili linawachanganya wengi, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Gari ni kama meza ngumu yenye miguu minne ya springi. Ukirefusha mguu mmoja wa mbele, kona ile haipandi peke yake. Ya jirani yake hupanda kidogo, ile iliyo kinyume kwa mshazari hubebeshwa uzito zaidi, na ulichotarajia upande ulioshughulikia hakitimii chote. Ndiyo maana mizunguko mitano ya ziada, ambayo kwa hesabu nitakayoionyesha mbele ilipaswa kuleta milimita 18, ilizaa tofauti ya 13. Mtu asiyelijua hili huona upande haujapanda vya kutosha, akaongeza tena, kisha upande wa pili nao ukamlazimisha, na jioni inamkuta na pete mbili zimefika chini.

Springi haikuwa imekuwa ngumu

Nirudi kwenye maneno yake ya simu: "springi nimezikaza mno, zimekuwa ngumu." Nimeyasikia mara nyingi mno, hata kwa mafundi wenye miaka kwenye kazi. Ugumu alioupata ulikuwa wa kweli, ila chanzo sicho.

Springi zake zilikuwa za waya wa unene mmoja na mapengo yaliyo sawa, zimeandikwa 14 na 600. Maana yake urefu wake ikiwa huru ni inchi 14, karibu milimita 356, na kila inchi moja ya kuibana inadai ratili 600. Kwa vipimo vyetu ni karibu kilo 10.7 kwa kila milimita. Springi ya namna hii inadai kilo 10.7 kwa milimita ya kwanza, na kilo 10.7 kwa milimita ya hamsini. Pete haibadilishi namba hiyo hata kidogo.

Sasa uzito. Koilova imefungwa kwenye mkono wa chini, si kwenye gurudumu. Nilipima kutoka bolti ya ndani ya mkono hadi bolti ya shokapu: 220. Kutoka bolti hiyohiyo ya ndani hadi bol jointi, kiungo cha mwisho wa mkono kinachoshika gurudumu: 400. Gawanya, unapata 0.55. Gurudumu likisogea milimita 100, shokapu inasogea 55 tu. Na kwa kuwa ni wenzo, springi inabeba zaidi ya kile gurudumu linachobeba. Kona moja ya mbele ya gari hili, pamoja na bampa na winchi, ilikuwa inaikalia springi kwa kama kilo 1,050. Gawanya kwa 10.7: springi lazima ijibane milimita 98 ili ibebe gari.

Hizo 98 hazikwepeki. Pete iwe juu, iwe chini, gari likisimama springi imebanwa milimita 98 zilezile na ina urefu uleule. Kinachobadilika ni mahali pa springi kwenye mwili wa shokapu. Ukiteremsha pete milimita 10, springi haijibani zaidi. Inaisukuma shokapu irefuke milimita 10, na gurudumu, kwa ule uwiano wa 0.55, linashuka karibu 18. Gari linapanda. Pete inaamua gari lisimame wapi katika safari ya shokapu, basi.

Na safari hiyo ina mwisho. Tuliinua mbele yote, magurudumu yakaning'inia, tukapima habu hadi madigadi: 600 pande zote mbili. Hapo ndipo shokapu imerefuka mpaka mwisho. Gari likiwa limesimama kushoto ilikuwa 569. Toa. Gurudumu la kushoto lilikuwa limebakiwa na milimita 31 tu za kushuka, ambazo kwenye shokapu yenyewe ni 17. Safari nzima ya gurudumu, kutoka kuning'inia hadi kujibana mwisho, ilikuwa karibu 235.

Tuta la kawaida linahitaji zaidi ya hizo 31. Gurudumu likitoka juu ya tuta linatakiwa kufuata ardhi inayoondoka. Hapa lilishuka kidogo, shokapu ikafika mwisho, kong!, na kuanzia hapo gurudumu likawa limening'inia hewani huku gari zima likidondoka nalo. Ule ugumu alioulalamikia ulikuwa mchanganyiko wa vitu viwili, shokapu kujipiga ikirefuka na gari kutua kwa mkupuo badala ya kuteremshwa.

Kuna njia nyingine ya kulitazama jambo hilihili, na kwangu ndiyo inayoshawishi zaidi. Springi ya kushoto, gurudumu likiwa linaning'inia, niliipima kwa tepu: 274. Urefu wake huru ni 356, kwa hiyo ilikuwa imebanwa 82 kabla ya kubeba chochote. Zidisha kwa 10.7, unapata karibu kilo 877. Ili shokapu ianze kusogea kutoka mwisho wake, springi lazima ibebeshwe kilo 877, na uzito wote wa kona ile kwenye springi ni 1,050. Gurudumu likipoteza chini ya moja ya tano ya mzigo wake, shokapu tayari iko mwisho. Kona kali, shimo dogo, breki ya ghafla kisha kuachia: yote hayo yanamega zaidi ya moja ya tano. Gari lilikuwa linaishi kwenye ukingo.

Na upande wa pili je, wa kujibana? Nilihesabu mizunguko ya waya nikazidisha kwa unene wake: tisa na nusu mara milimita 14, yaani 133. Huo ndio urefu wa springi mizunguko yote ikigusana, chuma juu ya chuma. Springi ya 274 ikifupika kwa safari yote ya shokapu, karibu 129, inabaki 145. Pengo lililobaki ni milimita 12 kwa springi nzima. Mizunguko mingine sita au saba ya pete na springi ingeshikana kabla ya mpira wa kuzuia kufanya kazi yake, na hapo kinachovunjika si springi tu.

Kurudisha

Mwenye gari alitaka kujua kama akinunua springi ngumu zaidi ataweza kubaki na urefu ule aliouzoea. Nilimjibu hapana, na nataka sababu ieleweke, kwa sababu ushauri wa kununua springi ngumu hutolewa ovyo. Kwenye 569, zimebaki milimita 31 za kuning'inia, iwe springi ya 600 au ya 800. Urefu wa gari ndio unaokula nafasi ya kushuka. Springi ngumu ni dawa ya gari linalojibana mpaka kwenye mpira kwa sababu ya mzigo. Yeye hakuwa na tatizo hilo. Anayetaka kusimama juu na bado awe na nafasi ya kushuka anahitaji shokapu ndefu na mikono inayoiruhusu, na hiyo ni kazi nyingine yenye gharama nyingine.

Mimi kwa pikapu ya namna hii huacha karibu theluthi ya safari kwa ajili ya kushuka. Theluthi ya 235 ni karibu 78. Tangu boksini, kwa kumbukumbu zake, mbele kulisimama kwenye 506, yaani nafasi ya 94, na bampa zito lilikuwa limeliacha gari linaonekana limeinama. Tukakubaliana tulenge 528, nafasi ya 72. Ni pungufu kidogo ya ninayopenda, lakini yeye alipenda mbele kuwe juu, na gari ni lake. Thredi za pete zilikuwa na hatua ya milimita 2, yaani kila mzunguko pete inasogea milimita 2. Mzunguko mmoja, gawanya kwa 0.55, ni karibu 3.6 kwenye gurudumu. Kutoka 506 hadi 528 ni mizunguko sita. Sita kushoto, sita kulia.

Magurudumu ya nyuma yalizuiwa mbele na nyuma, breki ya mkono juu, nati za magurudumu zikalegezwa gari likiwa bado chini. Tukainua mbele pande zote mbili kwa pamoja na kuweka stendi chini ya fremu, si chini ya mikono. Pande zote mbili kwa sababu ukiinua mmoja, stabilaiza inauvuta mkono ule juu kwa nguvu za upande ulio chini, na springi haiachii vizuri. Magurudumu yakatoka. Nikashika hozi ya breki na waya wa sensa ya gurudumu kuona kama havijavutika mikono ikiwa imening'inia.

Kabla ya spana kugusa pete, tulisafisha. Maji ya sabuni na mswaki wa zamani, mzunguko hadi mzunguko, kisha kitambaa, kisha mafuta mepesi ya kupenyeza, kisha kungoja. Upande wa kushoto nilipitisha ncha ya sindano nene ndani ya kila thredi kutoa ule unga wa alumini, na ulitoka kama vinyweleo. Kazi hii ilichukua muda kuliko kuzungusha pete zenyewe. Ukiiruka, pete inakwama katikati, na pete iliyokwama kwenye thredi zilizosagika mara nyingi haitoki bila kukatwa.

Bolti ya kibano ililegezwa. Nikachora mstari kwa kalamu nyeupe kwenye pete na mwingine kwenye mwili wa shokapu ili kila mzunguko uhesabike bila ubishi. Yeye akazungusha, mimi nikahesabu kwa sauti. Kulia ilizunguka 7 kwenda juu bila shida. Kushoto ilitakiwa 12. Ya tano ikaanza kuwa nzito. Alitaka kuongeza nguvu kwenye spana. Nikamwambia, "Ngoja, kaka, irudishe nusu mzunguko." Akarudisha, tukapuliza, tukaweka mafuta, ikaendelea. Namna hiyo, mbele mzunguko mmoja, nyuma nusu, mpaka 12 zikatimia. Tukakaza bolti za kibano kwa kipimo cha mtengenezaji tu. Ni bolti ndogo ndani ya alumini, haitaki ubabe.

Kuna nati moja katika kazi hii ambayo sikuigusa na sitaki mtu yeyote aiguse nyumbani, ile ya katikati juu ya shokapu inayoshika springi na kofia yake. Nyuma yake, siku ile, kulikuwa na mamia ya kilo zilizobanwa zikingoja. Kurekebisha prilodi hakuhitaji hata kidogo kuifungua.

Gari likashuka chini. Tepu ikasema 551 na 549.

Uso wa mwenye gari ulibadilika. "Fundi, mbona bado juu?"

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gari likishuka na mikono ikipanda kutoka kuning'inia, matairi yanapaswa kutanuka kwenda nje, lakini mpira umeng'ang'ania sakafu na hauteleziki. Gari linakaa juu kwa sababu matairi yameligomea, si kwa sababu ya springi. Nilimwambia alisogeze mbele mita kumi, arudi, mbele tena, arudi, kisha tukakandamiza bampa mara tatu na kuliachia. Tepu: 529 kushoto, 527 kulia. Angepima ile mara ya kwanza tu na kuamini, angelishusha gari tena kwa mizunguko sita isiyo na sababu. Na nina hakika hilo lilimpata siku ile ya kwanza ya kuzungusha pete kwa njia ya kinyume: alipima gari likiwa juu bado, akafurahi, asubuhi akalikuta limeshuka, akaongeza.

Zile milimita 2 za tofauti tuliziacha. Dereva akikaa kwenye kiti chake zinabadilika hata hivyo.

Tulifunga tai nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu ya kushoto ili ionyeshe inakojibana, tukaenda kwenye tuta lilelile. Likapanda, likashuka, kimya. Tukarudia kwa kasi zaidi, kisha kwenye barabara ya mashimo. Tai ilisukumwa na kusimama milimita 30 kabla ya mpira wa kuzuia, kwa hiyo springi ya 600 inautosha mzigo wake. Sikumwona akitabasamu kabla ya hapo siku ile.

Mpira wa sivi jointi ulibadilishwa na grisi mpya ikawekwa. Ile alama kwenye mkono wa juu tuliisugua na kuipaka rangi, si kwa urembo, bali ili rangi ikitoka tena tujue. Alaimenti ilipimwa siku iliyofuata, na ilibidi irekebishwe sana, kwa maana urefu ulipobadilika kila pembe ya magurudumu ya mbele ilibadilika nao. Taa za mbele zikashushwa; kwa wiki tatu zilikuwa zikiwapiga machoni wanaokuja. Tairi la kushoto lilikuwa limeshaliwa, halikurudi.

Baada ya kilomita mia tatu alipima mwenyewe, mahali palepale tulipopaweka alama, tangi likiwa nusu: 527 na 526. Springi mpya hukaa kidogo. Pete hakuzigusa. Ukutani bandani 18 na 13 amezipiga mstari, chini yake pameandikwa 6 na 6, na pembeni, kwa herufi kubwa kuliko zote: SOGEZA GARI KWANZA NDIPO UPIME.